Kutenganisha Taa za Ukungu na Taa Kubwa za Gari kwa Rilei na Swichi Yake

Anayesafiri alfajiri kutoka Mbeya kwenda Tukuyu anaujua ukungu wa Isyonje. Barabara ikishapanda milima ya Uporoto, wingu hulala juu ya lami, na dereva akiwasha fulu anajikuta anatazama ukuta mweupe unaoanzia kwenye boneti, kwa sababu matone madogo ya maji yaliyo hewani yanamrudishia mwanga wake machoni. Dimu nayo husaidia kidogo tu. Taa za ukungu zilitengenezwa kwa ajili ya hali hiyo: hukaa chini kwenye bampa, mwanga wake ni mpana na umekatwa upande wa juu, kwa hiyo humwonyesha dereva kingo za barabara bila kuangaza sana ule ukungu ulio mbele ya macho yake. Tatizo ni kwamba katika magari mengi taa hizo haziwaki mpaka taa kubwa ziwe zimewashwa, na ukizizima taa kubwa ili ukuta ule upungue, zinazimika zote kwa pamoja.

Sababu ya tabia hiyo ni waya mmoja mwembamba. Taa za ukungu zilizotoka kiwandani na gari kwa kawaida huwashwa na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme: mkondo mdogo ukipita katika koili yake, koili inageuka sumaku na kuvuta kipande cha chuma, nacho kinaufungulia njia mkondo mkubwa unaokwenda kwenye taa. Mtengenezaji akiipa koili umeme kutoka njia ya taa kubwa, taa za ukungu zitazifuata taa kubwa. Akiipa umeme wa taa ndogo za maegesho, zitazifuata taa ndogo. Ndiyo maana magari mawili yanayofanana kwa nje, moja likiwa limetengenezwa kwa soko la Japani na jingine kwa soko la Marekani, yanaweza kutofautiana katika jambo hili. Kazi nzima, basi, ni kuamua koili ipate umeme wake wapi.

Njia ya mkato ipo, na mimi niliwahi kuilipia. Fundi mmoja alinivutia waya kutoka betri hadi kwenye swichi ndogo ya dashibodi, na kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye taa, bila rilei wala fyuzi. Taa ziliwaka vizuri, nikamshukuru. Miezi michache baadaye, nikiwa mteremkoni na ukungu umetanda, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilipobonyeza swichi ili nizime, kitufe kilikuwa kimelainika kama mshumaa uliosahauliwa juani, kikazama na hakikurudi, na taa ziliendelea kuwaka mpaka niliposimama pembeni, nikafungua boneti na kuung'oa ule waya kwenye betri kwa plaizi.

Hesabu ya kilichotokea ni nyepesi. Balbu mbili za wati 55 ni wati 110. Ukigawanya kwa volti 12 unapata zaidi kidogo ya ampea 9. Swichi nyingi ndogo za dukani haziwezi kubeba mkondo huo kwa saa nzima, hata kama ubavuni zimeandikwa namba ya kutia moyo. Koili ya rilei hutumia kiasi cha ampea 0.15 hadi 0.2 tu. Kwa hiyo swichi ibebe mkondo wa koili, na mkondo wa taa upite kwenye rilei, kupitia waya mnene wenye fyuzi yake.

Kabla ya kununua chochote, amua koili itapata umeme wapi, kwa kuwa uamuzi huo ndio utakaoamua tabia ya taa zako kwa miaka yote utakayokuwa na gari hilo. Ukiichukulia umeme moja kwa moja kwenye betri, taa zitawaka hata ufunguo ukiwa mfukoni, na siku utakayozisahau usiku mzima, betri ya kawaida ya gari dogo haitaweza kuwasha injini asubuhi. Ukiuchukua kwenye njia inayopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu, hatari hiyo inaondoka, lakini inabaki nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii: unaweza kuendesha katika ukungu huku mbele kunang'aa na nyuma ni giza tupu, kwa sababu taa nyekundu za nyuma huwaka pamoja na taa ndogo, na taa ndogo hukuziwasha. Lori linalokuja nyuma yako halioni taa zako za mbele.

Mimi huchukua umeme huo kwenye taa ndogo, na ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza. Ukizungusha mkono wa taa hatua ya kwanza, taa ndogo na taa za nyuma zinawaka, na swichi yako mpya inapata umeme. Taa kubwa unaziacha au unaziwasha upendavyo. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu uwekaji wa taa kwenye magari inakwenda njia hiyo hiyo: inataka taa za ukungu za mbele ziweze kuwashwa na kuzimwa bila kutegemea fulu wala dimu, na wakati huo huo zisiweze kuwaka kama taa ndogo za mbele na za nyuma zimezimwa.

Vifaa si vingi. Utahitaji rilei ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 30 au 40 pamoja na soketi yake, kishikio cha fyuzi kisichopitisha maji na fyuzi ya ampea 15, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa njia ya taa na wa milimita za mraba 0.75 au 1 kwa njia ya swichi, swichi moja, kishikizo cha kuongezea fyuzi katika kasha la fyuzi, fyuzi ndogo ya ampea 3, viunganishi vya kubana, soketi mbili za kuingia kwenye balbu za taa zako, bomba la plastiki lenye mikunjo la kufunikia nyaya, na multimita, yaani kifaa cha kupimia volti. Usinunue waya kwa kuutazama unene wa ganda lake. Upo waya wa bei rahisi ambao ganda ni nene na shaba ndani ni nyuzi chache, au si shaba kabisa. Menya ncha yake palepale dukani uone.

Nyaya za awali za taa za ukungu usizikate. Chomoa soketi zake kwenye taa, zifunge kwa tepu ya umeme na kuzifungia pembeni, kisha taa uzihudumie kwa nyaya zako mpya. Kwa njia hii, akitokea mnunuzi au fundi anayetaka gari lirudi lilivyokuwa, anachomoa na kuchomeka tu. Katika magari mapya ambayo taa zake zinasimamiwa na kompyuta, utaratibu huu pia unakuepusha na kuigusa kompyuta hiyo, ingawa baadhi yatakuonyesha kwenye dashibodi kwamba balbu imeungua.

Anza kwa kuzima gari, kutoa ufunguo, na kufungua terminali ya hasi ya betri. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi ya gari, utapiga shoti. Chini ya dashibodi, waya wowote uliovikwa ganda la njano uache, kwa kuwa kwa kawaida ni wa mifuko ya hewa. Na kwenye magari ya haibridi, nyaya nene za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa unaoua.

Tafuta mahali pa rilei karibu na betri, mbali na joto la injini, na uifunge miguu yake ikitazama chini ili maji yasituame kwenye soketi. Miguu ina namba zilizoandikwa kwa herufi ndogo sana, kwa hiyo tumia tochi. Mguu wa 30 unapokea waya mnene kutoka chanya ya betri, ukipitia fyuzi ya ampea 15. Kishikio cha fyuzi kikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 15 au 20, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Fyuzi yenyewe iache nje mpaka mwisho wa kazi. Mguu wa 87 unatoa umeme kwenda kwenye taa zote mbili. Mguu wa 85 unakwenda ethi, yaani kwenye bodi ya gari, na wa 86 unapokea waya mwembamba kutoka kwenye swichi. Katika rilei nyingi ukibadilishana 85 na 86 hakuna kinachoharibika, lakini zipo zenye dayodi ndani, yaani kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na hizo zinataka chanya iingie 86.

Hapo katikati ya rilei yenye miguu mitano ndipo wengi hupotea. Kama mguu wa kati umeandikwa 87a, huo unapata umeme wakati rilei imepumzika, na ukiufunga kwenye taa, zitawaka muda wote na kuzimika utakapobonyeza swichi. Uache wazi. Kama umeandikwa 87 tu, kama ule wa pembeni, basi zote mbili hutoa umeme kwa wakati mmoja, na unaweza kuupa mmoja taa ya kushoto na mwingine ya kulia.

Nyaya za kwenda kwenye taa zipitishe ndani ya bomba lenye mikunjo, kando ya kifungu cha nyaya za kiwandani, mbali na feni na bomba la moshi, na uzifunge kila baada ya sentimita 20 hivi, maana barabara za vumbi husugua waya mpaka shaba ionekane. Ethi ya kila taa ndiyo sehemu inayostahili subira kuliko zote. Chagua bolti iliyoshika kwenye chuma cha bodi, ifungue, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, bana waya kwa kiunganishi cha pete, kaza, kisha paka grisi juu yake ili kutu isiingie. Taa nyingi zinazoitwa mbovu zina ethi iliyofungwa juu ya rangi.

Waya wa swichi uingize ndani ya gari kupitia mpira ambao tayari umebeba nyaya za kiwandani kwenye ukuta wa injini. Ukilazimika kutoboa tundu jipya, livishe mpira wake, kwa kuwa ukingo wa bati hukata ganda la waya taratibu kama msumeno. Ndani, fungua kasha la fyuzi na utafute fyuzi ya taa ndogo, ambayo kwenye Toyota nyingi imeandikwa TAIL. Ichomoe, unganisha betri kwa muda, washa taa ndogo, na upime kwa multimita matundu yote mawili: lenye volti 12 ndilo upande unaoleta umeme. Zima tena, fungua betri, kisha chomeka kile kishikizo cha kuongezea fyuzi ili mguu wake unaolisha fyuzi zote mbili uingie kwenye tundu hilo. Fyuzi ya zamani inarudi kwenye nafasi moja ya kishikizo, na ile ya ampea 3 kwenye nafasi nyingine. Waya wake unakwenda kwenye swichi, na kutoka swichi hadi mguu wa 86.

Swichi yenye kitaa ndani ina miguu mitatu: wa kuingiza umeme, wa kutoa, na wa ethi wa kile kitaa. Ukichanganya wa kutoa na wa ethi, fyuzi ya ampea 3 itakatika mara tu utakapobonyeza. Ndiyo faida ya kuwa nayo.

Sasa unganisha betri, weka fyuzi ya ampea 15, na ujaribu kwa mpangilio. Taa zote zikiwa zimezimwa, bonyeza swichi: kusitokee kitu. Washa taa ndogo: rilei ilie kwa mlio mfupi na taa za ukungu ziwake. Washa dimu, kisha fulu: taa za ukungu zisibadilike. Rilei ikilia na taa zisiwake, kosa liko kwenye waya mnene au ethi ya taa; isipolia kabisa, fuatilia waya mwembamba.

Baada ya hapo washa injini na upime volti kwenye terminali za betri, kisha kwenye soketi ya kila taa ikiwa inawaka. Tofauti ikiwa chini ya nusu volti, kazi ni nzuri. Ikifika volti 1, rudi kwenye ethi na viunganishi, kwa sababu upungufu huo mdogo huinyima balbu ya halojeni karibu robo ya mwanga wake.

Mwisho elekeza taa. Egesha gari penye usawa, mita 5 kutoka ukutani, pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, na urekebishe mpaka ukingo wa juu wa mwanga ukae sentimita 8 hadi 10 chini ya kimo hicho. Ukiona hakuna ukingo unaoeleweka na mwanga umetapakaa hadi juu, mara nyingi ni kwa sababu mtu amechomeka balbu ya LED katika taa iliyoundwa kwa halojeni. Mwanga wa namna hiyo utakurudishia ule ukuta mweupe uliokuwa unaukimbia, na utampofusha anayekuja mbele yako.

Safari ya kwanza ya usiku, simama baada ya nusu saa na ugusie kidole kwenye kishikio cha fyuzi, rilei na swichi. Rilei kuwa vuguvugu ni kawaida. Kishikio cha fyuzi kikiwa cha moto, kiunganishi chake hakikubanwa sawasawa, na inafaa ukibane upya kabla hujaendelea na safari.