Kabla hujaprinti skafoldi ya mfupa, ipangie makrofeji kwanza

Wengi wakianza kudizaini skafoldi, yaani kile kiunzi cha kuziba pengo la mfupa, akili yote iko kwa seli za mfupa, kumbe hizo zinakuja baadaye. Wanaotangulia ni damu na seli za kinga, hasa makrofeji, wale wanaomeza vijidudu na uchafu, na hao ndo wanaamua kama kitu chako kitapokelewa au kitazungushiwa kovu.

Anza na matundu. Yakiwa chini ya mikromita 100 mishipa ya damu inahangaika kuingia, ndo maana wengi wanalenga 300 kwenda juu. Ila ukubwa wenyewe haukusaidii kama matundu hayajaungana, utakuta nje kumeota mfupa mzuri tu na katikati hakuna kitu, so piga picha ya maikro-CT, yaani eksirei ya pande tatu inayoonyesha vitu vidogo sana, uone njia zinapita kweli, usiiamini faili ya kompyuta. Na usitoboe mpaka ikawa biskuti, kila tundu unaloongeza linakula nguvu.

Matiriali nayo ina tabia zake. Trikalsiamu fosfeti ya beta inayeyuka haraka kuliko haidroksiapatiti, zote ni madini ya kalsiamu na fosfeti, chagua kulingana na kasi ya mfupa kuota. PLGA, ile plastiki inayooza mwilini, ikioza inatoa asidi, na kuta zikiwa nene asidi inajifungia humo ndani, inaozesha zaidi na kuwachokoza makrofeji, kwa hiyo kuta ziwe nyembamba.

Sasa hapa ndo watu wanakosea: wanataka kuzima inflamesheni yote, yaani ule mwako wa kinga kwenye jeraha. Usifanye hivyo! Siku za mwanzo makrofeji wakali, wale wa M1, wanahitajika kusafisha na kuita mishipa ya damu, shida ni wasipowapisha wale wa M2 wanaojenga. Kwa hiyo ukipima TNF-alfa (ishara ya wakali) na IL-10 (ishara ya kutuliza) usipime siku moja ukafunga daftari, rudia siku ya 3, ya 7, ya 14, halafu yale maji waliyokaa makrofeji na skafoldi wape seli za mfupa uone zinaitikiaje.

Halafu kabla ya yote pima endotoksini jamani, yaani sumu ya kwenye kuta za bakteria, maana otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, inaua bakteria lakini endotoksini inaweza kubaki palepale, utakesha unabadilisha matundu wakati tatizo ni uchafu.