Kabla ya kupanda treni za mjini Mumbai: kwa wanaouguza Parel

Tata Memorial, hospitali ya saratani inayopokea pia wagonjwa kutoka Afrika Mashariki, iko mtaa wa Parel. Anayeuguza hapo akipanga chumba mbali ili kuokoa hela, usafiri wake wa kila siku utakuwa treni: haikwami kwenye foleni za magari, na nauli ya daraja la pili inaanzia rupia 5. Ila treni hizi husimama stesheni kwa sekunde ishirini au thelathini tu. Ukianza kujiuliza maswali mlango ukiwa mbele yako, umeshachelewa.

Kwanza jua uko njia ipi. Western inaanzia Churchgate kupitia Dadar, Bandra, Andheri na Borivali hadi Virar na zaidi. Central inaanzia CSMT (stesheni kuu ya Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus) kwenda Thane na Kalyan, na Harbour inatoka hapo hapo CSMT kwenda Panvel. Parel ni ya Central. Anayekaa Andheri au Bandra yuko Western, hivyo atashuka Prabhadevi (wenyeji wengine bado wanaiita Elphinstone Road, jina lake la hadi 2018), kisha avuke daraja la waenda kwa miguu kuelekea mashariki. Daraja hilo usiliingie watu wakiwa wamebanana ngazini, hasa mvua ikinyesha. Tarehe 29 Septemba 2017, saa za asubuhi za kwenda kazini, watu 23 walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi za hapo. Subiri jukwaani hadi umati upungue.

Pili, soma kibao cha jukwaani chote, siyo jina la stesheni ya mwisho peke yake. Pembeni pana F au S. F ni treni ya haraka inayoruka stesheni ndogo, S inasimama kila mahali. Parel na Prabhadevi ni stesheni za S. Ukipanda F kutoka Andheri, itakupitisha. La kufanya ni kushuka Dadar na kupanda S kwenda mbele stesheni moja. Kibao kinaonyesha pia idadi ya mabehewa, 12 au 15, na hiyo ndiyo inayokwambia usimame wapi ili mlango wako usisimame mita hamsini kutoka ulipo.

Tiketi ya safari moja inatakiwa ianze kutumika ndani ya saa moja tangu kuinunua, kwa hiyo usinunue ya jioni asubuhi. Faini ya kukosa tiketi ni rupia 250 pamoja na nauli, na anayekutwa daraja la kwanza na tiketi ya daraja la pili naye hulipishwa. Kosa hili huwapata wageni wengi bila kukusudia, maana behewa la daraja la kwanza kwa ndani halina tofauti kubwa: viti vina mto kidogo, basi. Angalia michirizi ya mshazari nje, karibu na mlango.

Mabehewa ya wanawake ni ya wanawake kweli. Mume hawezi kumsindikiza mkewe humo, kwa hiyo kubalianeni mapema stesheni ya kushukia na mahali pa kukutana. Kwa mgonjwa, muhimu zaidi ni chumba cha ndani ya treni kilichotengwa kwa wenye ulemavu, ambacho wagonjwa wa saratani na wajawazito nao huruhusiwa. Beba karatasi za hospitali, kwani utaulizwa.

Saa ndizo zinazoamua kama safari itavumilika. Asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa tano, umati unaelekea kusini. Jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu, unarudi kaskazini. Ukilazimika kusafiri saa hizo, begi livae kifuani na usogee mlangoni stesheni mbili kabla ya kushuka. Wala usipande treni ya haraka ya Virar kwa ajili ya kushuka Andheri au Borivali. Waendao mbali wamejaza mlango na hawatakupisha, tena watakugombeza.

Jumapili njia hufungwa sehemu kwa matengenezo, kwa kawaida kati ya asubuhi na alasiri, na treni zinazohamishiwa njia nyingine huruka baadhi ya stesheni. Tangazo hutolewa siku chache kabla. Kuanzia Juni hadi Septemba ni masika yao: maji yakifunika reli Kurla, Sion au Matunga, treni husimamishwa kwa sababu mota za kuendeshea ziko chini, kwenye magurudumu. Tarehe 26 Julai 2005 Santacruz ilipata milimita 944 za mvua kwa siku moja na mji mzima ukakwama. Miezi hiyo, mwenye miadi ya asubuhi mapema na alale karibu na hospitali usiku wa kuamkia.

Siku ya kutundikiwa dawa, weka kando nauli ya teksi ya kurudia. Kinga ya mwili ikishuka, msongamano wa jioni si mahali pa mgonjwa, hata kama tiketi ni rupia 10.