Chomeka suruali ndani ya soksi, kupe wasiingie

Mkienda penye majani marefu, chomekeni pindo za suruali ndani ya soksi, watoto kwanza, na nguo ziwe za rangi nyeupe au hafifu. Kupe hana mbawa wala haruki: hujishikiza kwenye jani, husubiri mguu upite, kisha hupanda akitafuta ngozi. Akikosa upenyo kwenye kifundo cha mguu, hutambaa juu ya kitambaa, na hapo mnamwona mapema. Mkikaa chini kwenye majani, mbinu hii haifui dafu. Tena kupe wachanga ni wadogo mno, kwa hiyo mkirudi kagueni kwapani, kinenani, nyuma ya magoti na ya masikio. Mtoto mwenye nywele nyingi, mpapase hadi kwenye ngozi ya kichwa.