Jinsi ninavyopima neva ya kifundo cha mkono kwa altrasaundi

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, na usiku mtu anaamka akikung'uta mkono: hapo nashuku neva ya kati imebanwa kifundoni.

Hatua ya 1. Mkono ulale mezani, kiganja juu, vidole vilegee. Tumia probu (kile kichwa cha mashine kinachowekwa juu ya ngozi) bapa ya megahezi 12 au zaidi, na kina cha sentimita 2 hivi. Jeli usiibanie.

Hatua ya 2. Ikingamishe probu kwenye mkunjo wa kifundo, usawa wa kile kijifupa cha upande wa kidole kidogo. Usikandamize! Nilipokuwa mwanafunzi niliripoti neva bapa kama chapati. Mwalimu alininyanyua mkono kidogo tu, nayo ikajaa tena pale pale kwenye skrini.

Hatua ya 3. Neva au kano? Hapa ndipo wengi hupotea, maana zote ni viduara vyenye vidoadoa. Inamishe probu taratibu: kano huzimika ghafla na kuwa nyeusi, neva hubadilika kidogo tu. Bado una shaka? Mwambie akunje vidole, uone kano zikiteleza. Kisha panda nazo kuelekea kiwiko. Kano zitamezwa na misuli, neva itaendelea na safari katikati ya tabaka mbili za misuli.

Hatua ya 4. Simamisha picha, uzungushie neva mstari ndani ya ukingo wake mweupe, si nje. Wengi huanza kushuku eneo likizidi milimita za mraba 10. Mimi hupima tena sentimita 12 juu ya kifundo. Pale chini pakizidi mara 1.4 ya huku juu, nazidi kuamini kwamba neva imebanwa. Neva iliyogawanyika mbili, jumlisha zote.

Hatua ya 5. Shuka kwenye msuli wa shina la kidole gumba. Usiguse mwangaza wa mashine, linganisha na mkono wa pili. Msuli mzima ni mweusi wenye nyuzi nyeupe; uliochakaa huwa mweupe. Kipimo cha Heckmatt cha 1982 huupa msuli daraja 1 (mzima) hadi 4 (uliochakaa zaidi), na kwenye 4 mwangwi wa mfupa haupo.

Mwisho, tuliza probu nusu dakika. Ukiona msuli unacheza wenyewe, angalia bega, paja na ulimi. Na huko pia ukicheza, usiandike kwamba tatizo ni kifundo. Mpeleke kwa daktari wa neva akapimwe umeme wa misuli.