SOMO: Kichanja cha diski cha mbao, ghorofa nne, diski 132

Swali la vipimo vya kichanja cha diski za gofu ya diski (mchezo wa kurusha diski hadi ndani ya kikapu) linarudi kila wiki, na kila wiki ninalijibu vipande vipande. Leo naandika lote. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kichanja hiki ni ndugu wa kile cha vyombo kule uani. Diski inasimama kwa ukingo juu ya fito mbili, kama sahani inayokaushwa. Hakuna tundu la kila diski, na msichonge matundu. Kanuni za PDGA, chama cha gofu ya diski, zinataka diski iwe na upana usiopungua sm 21. Draiva (diski za kurusha mbali) nyingi zina sm 21.1 au 21.2, midi (za masafa ya kati) nyingi hufika 21.7. Tundu lililochongwa kwa draiva litabana midi, lakini fito mbili zinazipokea zote. Uzito nao una kikomo: gramu 8.3 kwa kila sentimita ya upana, ndiyo maana draiva huishia gramu 175 hivi. Kichanja kikijaa kinabeba kama kilo 23, mzigo mdogo kwa mbao.

VIFAA
Mbao 2x2 ya futi 12, mbili. Mbao 2x1 ya futi 12, tatu. Plaiwudi ya milimita 9, kipande cha sm 60 kwa 60 (muulize seremala mabaki, usinunue shiti nzima). Skrubu za inchi 2, nunua 50. Misumari ya inchi 2½, robo kilo inatosha na kubaki. Gundi ya mbao. Msasa namba 80 na 150. Msumeno, patasi ya inchi 1, nyundo, drili, pimamaji, na vipande viwili vya mpira wa chubu ya baiskeli.

Musizi au paini, yoyote. Mvule ni mbao nzuri mno kwa kazi hii, iwekeeni mlango. Ukienda kununua Ndeeba, kwenye mbao za Kampala, chagua mwenyewe: inua mbao, iliyo nzito kuliko wenzake bado ina maji na itajipinda ikishafungwa. Paini yenye utomvu unaonata iache hapo hapo, utomvu ule hauishi kutoka na utagandia kwenye diski.

HATUA YA 1. Kata miguu minne ya sm 135 kutoka 2x2.

HATUA YA 2. Kata fito nane za sm 90 kutoka 2x1, nne kwa kila mbao. Mbao ya tatu inatoa vipago nane vya sm 30, na kipande kinachobaki, kama sm 120, usikitupe. Ndicho mshazari wa nyuma.

HATUA YA 3. Mapengo. Hapa ndipo kichanja changu cha kwanza kilikufa, kwa hiyo someni polepole.

Fito mbili za kila ghorofa zikae na nafasi ya NDANI ya sm 12. Si kati kwa kati, si nje kwa nje. Diski inagusa kona za ndani za fito, kwa hiyo nafasi ya ndani peke yake ndiyo inayoamua inakaaje. Kwa sm 12 diski inazama karibu sm 2 na kutulia. Ukiweka sm 6 inazama chini ya nusu sentimita, na mtoto akigusa kichanja diski zinabingirika hadi chini. Ukiweka sm 17 inazama zaidi ya sm 4, na hapo fito zinageuka kabari: zinaisukuma diski kutoka pembeni badala ya kuibeba kutoka chini. Kila ufito unabeba kama asilimia 83 ya uzito wa diski, wakati kwa sm 12 ni asilimia 61. Diski ngumu itavumilia. Ila diski ya pata (ya kurusha karibu na kikapu), ikiwa laini na ya plastiki ya bei nafuu, ndani ya chumba chenye joto, itatoka umbo la yai, na utaiona ikitikisika hewani bila kujua kosa liko wapi.

Ili nafasi isibadilike, usipime kila kipago peke yake. Panga vipago vyote nane ubavu kwa ubavu, vifunge kwa mpira wa chubu, chora mistari mara moja kuvuka vyote, kisha chonga mapengo ya kukalia fito kwa msumeno na patasi. Kila pengo lina kina cha sm 2. Upana wake uupate kwa kuweka ufito wenyewe juu na kuchora kando yake, kwa sababu mbao inayoitwa inchi moja ikipigwa randa hubaki sm 2 au 2.2. Ukichonga sm 2.5 kwa kuamini jina la mbao, ufito utacheza, na nafasi yako ya 12 itakuwa 11 upande mmoja na 13 upande wa pili. Katikati ya kipago acha hizo sm 12, mapengo yakae kila upande wake.

HATUA YA 4. Piga msasa kona za juu za fito hadi ziwe mviringo. Kona kali huacha alama kwenye ukingo wa diski laini. Namba 80, halafu 150.

HATUA YA 5. Tengeneza ngazi mbili. Kila ngazi ina miguu miwili na vipago vinne, vipago vikiwa upande wa ndani, skrubu mbili kila kiungo pamoja na gundi. Toboa kwanza kwa drili, la sivyo musizi itapasuka mwishoni. Sehemu ya juu ya vipago iwe sm 17, 47, 77 na 107 kutoka sakafuni. Ufito unachomoza sm 3 juu ya kipago, kwa hiyo diski zitakaa kwenye 20, 50, 80 na 110. Ncha ya mbele ya kila kipago ipandishe sm 2 kuliko ya nyuma, diski ziegemee nyuma kidogo.

HATUA YA 6. Ingiza fito kwenye mapengo, gundi, na msumari mmoja kila kiungo kutoka juu kwenda chini.

HATUA YA 7. Mshazari nyuma. Bila huo kichanja kinayumba kama mlevi.

HATUA YA 8. Kata plaiwudi vipande 16 vya sm 15 kwa 15. Kwenye kila kipande ondoa kona mbili za chini, kila moja upana wa sm 1.6 na urefu wa sm 4. Ulimi unaobaki unaingia kati ya fito, mabega yanakaa juu. Nane zifungwe mwisho wa kila mstari kwa skrubu, nane ziachwe huru kama vigawanyo, mbili kwa kila ghorofa. Zisidharauliwe hizi. Mstari ulio nusu tupu bila kigawanyo unalala kama tofali zilizoanguka, na diski ya mwisho inabeba mgongo wa wenzake miezi yote. Kwa vigawanyo viwili unapata vyumba vitatu vya diski 11, yaani 33 kwa mstari. Nimehesabu sm 2.2 kwa diski ili kidole kipite.

HATUA YA 9. Rangi au vanishi: miguu tu na vipago. Fito ziache zilivyo. Vanishi inayochanganywa na tina hukauka juu kwa siku moja lakini huendelea kutoa mvuke kwa muda, na plastiki ya diski hailipendi jambo hilo: inanata, inachukua alama ya ufito. Ukipaka chochote, subiri wiki mbili kabla ya kupanga. Oili chafu ya gari dhidi ya mchwa, kamwe kwenye kichanja hiki. Weka miguu ndani ya makopo na oili kidogo humo chini, mchwa hawatapanda.

Mwisho, mahali. Ukutani pasipopigwa na jua la dirishani. Nyumba ya bati bila silingi, ghorofa ya juu hupata joto zaidi, kwa hiyo diski laini ziende chini.

MASWALI

Okello_Gulu: Naomba vipimo vya nafasi ya fito.

Mwandishi: Hatua ya 3.

Okello_Gulu: Nimeona 12. Ila fundi wangu ameweka 12 kati kwa kati, si ni sawa tu?

Mwandishi: Si sawa. Kwa 2x1 hiyo ni nafasi ya ndani ya kama sm 10, diski inazama kidogo tu zaidi ya sm 1. Nimeandika kwa herufi kubwa. Zing'oe uzipange upya kabla gundi haijashika.

Mama Diski: Asante kwa somo. Naomba kuelewa, kwa nini zisimame? Mimi huzirundika kwenye sanduku na bado zinaruka.

Mwandishi: Swali zuri, nnyabo. Rundo fupi la diski tano sita za aina moja, kwenye sakafu iliyonyooka, halina ubaya. Shida inaanza ukirundika 30. Ya chini inabeba zaidi ya kilo 5 kwenye ukingo, na kama iliyo juu yake ni ya aina nyingine, haziingiliani sawasawa: mzigo unaangukia sehemu moja badala ya kuzunguka ukingo wote. Ongeza joto la sanduku lililofungwa na plastiki inafuata mzigo. Ikisimama, kila diski inajibeba yenyewe, gramu 175 tu. Tena unavuta unayoitaka bila kubomoa rundo.

Mama Diski: Na zilizokwisha kupinda?

Mwandishi: Nyingi zinarudi. Maji ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia, yasiyochemka, dakika chache. Inyooshe kwa mikono, ilaze juu ya kigae au meza ya saruji, iminye hadi ikae bapa, kisha mimina maji baridi. Rudia kama haijatii. Maji yanayochemka huharibu kabisa, hasa plastiki laini.

Kijana wa Busia: Ssebo mimi nitafunga mpira wa chubu kwenye fito ili diski zisiteleze. Poa?

Mwandishi: Hapana. Mpira mweusi unaacha doa kwenye plastiki, na doa lile halitoki kwa sabuni. Chubu ni ya kufungia vipago wakati wa kuchonga, basi.

Kijana wa Busia: Lakini diski zitateleza.

Mwandishi: Hazitelezi kwa sm 12 na mwinamo wa sm 2. Tengeneza kwanza.

Arua_Frisbii: Tuna na frisbii za ultimate, ule mchezo wa timu, za gramu 175. Zinaingia?

Mwandishi: Ghorofa ya juu tu. Zina upana wa sm 27, kwenye fito zinachomoza karibu sm 26, na kati ya ghorofa na ghorofa kuna sm 25. Kama unazo nyingi, jenga ghorofa tatu badala ya nne na uzipe sm 38 kila moja.

Arua_Frisbii: Shukrani kaka. Paipu za PVC je, si ni rahisi zaidi?

Mwandishi: Ni rahisi kukata. Ila paipu ya waya za umeme, yenye urefu wa sm 80 na kilo 6 juu yake, inashuka katikati polepole, na joto linaisaidia kushuka. Ukitaka paipu, weka kipago cha tatu katikati, au tumia ya chuma ya robo tatu inchi.

Mtupaji_Kabale: Nimeshajenga, kimesimama vizuri. Wewe unazipanga kwa rangi au kwa kampuni?

Mwandishi: Kwa namba za kwenye diski: kasi, kuelea, kugeuka (inavyopinda mwanzoni), kufifia (inavyorudi upande wa pili mwishoni). Chini pata, kasi 1 hadi 3. Juu yake midi, 4 hadi 6. Kisha za kasi 7 hadi 9, na juu kabisa draiva za 10 kwenda mbele, maana ndizo plastiki ngumu zaidi kwa kawaida. Ndani ya kila ghorofa, zile zinazogeuka sana ziwe kushoto mwa kichanja, zinazofifia sana ziwe kulia. Kwako Kabale mpango huu una faida zaidi. Mko kwenye mita 2,000 hivi, Kampala ni 1,200. Kwenye hewa nyepesi diski hugeuka kidogo kuliko kwenye hewa nzito, kwa hiyo ile iliyokwenda moja kwa moja Kampala, kwako itavunja mapema kuelekea kwenye kufifia. Mtu wa Kampala akija kwako achote diski za mkoba wake upande wa kushoto wa kichanja. Ukishuka wewe, chota kutoka kulia.

Mtupaji_Kabale: Kumbe! Nilidhani mkono wangu umechoka. Na hizo namba zikifutika?

Mwandishi: Andika kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa chini wa diski, karibu na ukingo, pamoja na uzito na jina lako. Kabla ya kuandika futa kwa spiriti. Usitumie tina, inakula plastiki.

Okello_Gulu: Nimeng'oa, nimepanga upya. Ndani ni 12 kamili. Diski ya kwanza imekaa.

Mwandishi: Vizuri. Sasa vigawanyo kabla hujajaza mstari.