Kuunasa ujumbe wa NGF unapopita kwenye kipokezi cha seli

NGF, protini inayokuza neva, hutoa ujumbe wake ikiwa nje ya seli. Hushika kipokezi TrkA juu ya utando. Vipokezi viwili huungana na kubandikana fosfeti kwenye tairosini zao, aina ya amino asidi. Tairosini ya 490 (nambari ni nafasi yake kwenye kipokezi) hufungua njia ya protini Ras hadi kimeng'enya ERK, ile ya 785 huita kimeng'enya PLC-gamma. Kazi yako ni kuzinasa fosfeti hizo kabla vimeng'enya vya seli havijazing'oa.

Tumia seli za PC12, za uvimbe wa tezi adrenali ya panya. Zipande kwenye sahani zilizopakwa kolajeni, la sivyo zitajikusanya mafungu na kuondoka na maji ya kuoshea. Usiku wa kuamkia jaribio zibakize kwenye seramu ya farasi ya asilimia 1 tu. Seramu nyingi huiwasha ERK hata kabla ya NGF, na ulinganisho wako utakuwa umekufa.

NGF ikiwa na ukolezi wa mikrogramu 50 kwa mililita, mikrolita 2 katika mililita 2 za kimiminika cha kukuzia seli hutoa nanogramu 50 kwa mililita. Iyeyushe pamoja na albumini ya asilimia 0.1, kwa sababu hugandamana na plastiki. Igawe mafungu madogo mapema: umeme ukikatika Kampala, friza ikayeyuka na kuganda tena, nguvu yake hupungua.

Kimiminika kiwe na nyuzi 37 tayari. Kikiwa baridi, kipokezi hakimezwi ndani ya seli. Simamisha sahani moja moja baada ya kuweka NGF, katika dakika 0, 5, 15, 60 na 120: mwaga, osha kwa chumvi-bafa ya baridi kali, weka juu ya barafu, kisha mimina kiyeyushi cha kupasua seli chenye milimola 1 ya vanadati, inayozuia vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti. Vanadati isiyochemshwa kwenye pH 10 mpaka iwe haina rangi hufanya kazi vibaya, na hapo ndipo wengi huilaumu bure kingamwili inayotambua fosfeti. Usiichanganye na EDTA, kemikali inayonasa metali: huinyonya.

Pasha sampuli nyuzi 95 kwa dakika 5. Sufuria ya maji yanayochemka inatosha: Kampala, takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Jeli ya asilimia 8 itaonyesha TrkA karibu na kilodaltoni 140, lakini ERK za kilodaltoni 44 na 42 zitaachana vizuri zaidi kwenye ya asilimia 10. Protini zikishahamishiwa kutoka jeli kwenye utando wa kuzinasia, uzibe utando huo kwa albumini, si kwa maziwa. Kaseini nayo ina fosfeti.

Sahani ya EGF, protini nyingine ya ukuaji, usiiache hata bajeti ikibana. EGF pia huwasha ERK ya PC12, ila kwa muda mfupi, na seli huendelea kugawanyika. Ya NGF hudumu saa kadhaa, na baada ya siku chache seli huota mikia. Bila ulinganisho huo, doa jeusi la ERK la dakika ya 5 halikuambii lolote kuhusu neva.