Somo: Jinsi ya Kufuatilia Umlauti katika Kijerumani cha Kale

Mwanafunzi wa Kijerumani hukaririshwa kwamba wingi wa Gast, yaani mgeni, ni Gäste, bila kuelezwa kwamba badiliko hilo la irabu, liitwalo umlauti, lilikuwa na sababu, na kwamba sababu yenyewe ilionekana wazi katika maandishi ya karne ya 8 na ya 9.

Hatua ya kwanza: tafuta umbo la kale la neno, si la leo. Zamani hizo umoja ulikuwa gast na wingi gesti. Vivyo hivyo lamb, mwanakondoo, na lembir.

Hatua ya pili: tazama silabi inayofuata. Ikiwa ina i au j, ulimi ulijiandaa mapema kuitamka, na a ikavutwa hadi ikawa e. Nasi tunalo jambo la jinsi hiyo, kwa kuwa wa- na -ingi huzaa wengi. Ila kwetu irabu hugusana, ilhali katika gesti i iliivuta a kutoka ng'ambo ya konsonanti mbili.

Hatua ya tatu: kagua vizuizi. Konsonanti ht na hs ziliikinga a, ndiyo maana wingi wa maht, nguvu, uliandikwa mahti. Wingi wa leo, Mächte, ulikuja baadaye.

Hatua ya nne, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote: fuata irabu ya mwisho inavyofifia. Scôni ilikuwa na maana ya "-zuri" na scôno "kwa uzuri", tofauti ikibebwa na mwisho wa neno. Baada ya mwaka 1050 hivi, miisho yote miwili ikafifia kuwa e, lakini i ilikuwa imekwisha kuacha alama yake ndani ya neno: schœne na schône. Leo hata e hiyo imedondoka, tukabaki na schön, "-zuri", na schon, ambayo maana yake imehama hadi kuwa "tayari".

Swali: Je, singen, sang, gesungen nayo ni umlauti?
Jibu: Hapana. Hiyo ni ablauti, mabadiliko ya kale zaidi yasiyotokana na i.

Swali: Mbona irabu ya Tag, siku, haibadiliki katika wingi?
Jibu: Wingi wake wa kale ni taga, usio na i.

Swali: Lakini Baum, mti, nao ulikuwa bouma katika wingi. Bäume imetoka wapi?
Jibu: Imetokana na kuiga. Miisho ilipofifia, wasemaji waliichukua umlauti yenyewe kuwa alama ya wingi, wakaivika hata maneno ambayo hayakuwahi kuwa na i.